Wiki za Mdogo Wangu

Mwaka 2017 nilikuwa nasuka nywele ugenini kusini mwa Afrika, mtaa wa Malvern, katika saluni ndogo kando ya Jules Street. Mdogo wangu alikuwa akikaa Troyeville na bwana wake, mlinzi wa maghala, mtu wa kwetu Bukavu. Huyo bwana alikuwa akimpiga kwa ngumi, kwa mkanda, mara moja kwa pasi ya moto. Siku aliyonijia na habari ya mimba, jino lake la mbele halikuwepo.

"Yaya, sitaki huyu mtoto amkute baba yake," alisema. Kwetu yaya ni dada mkubwa.

Nikampeleka kliniki kuomba mimba itolewe. Sista alimpaka jeli tumboni, akapitisha kipimo, kisha akaongea huku mimi natafsiri. Mpaka wiki kumi na mbili, mwanamke anaomba mwenyewe, haulizwi sababu. Mpaka ishirini, daktari akiridhika na sababu zake, hata zikiwa shida za maisha. Kupita hapo, labda mimba ihatarishe uhai wake au mtoto awe na kasoro kubwa. Mdogo wangu alikuwa na wiki ishirini na mbili.

"Mwambie bwana ataniua."

Nikamwambia. Sista akatazama michubuko shingoni.

"Eish, mama. Anayemhatarisha ni mume. Sheria inauliza kuhusu mimba." Akatuelekeza polisi. Mdogo wangu akakataa, hakuwa na kibali cha kukaa nchini.

Sijui nani alimpasha bwana habari. Alitufuata saluni Jumamosi, wateja wamejaa.

"Unataka kuua mwanangu?"

Akamvuta kwa rasta, akambwaga chini, akamkanyaga tumbo kwa buti za kazi. Nilimpiga kwa draya kichwani, hakugeuka. Wateja wakamshukia kwa viti mpaka sikio lake likachanika, na hata hapo mguu wake ulikuwa bado unarusha mateke. Damu ya mdogo wangu ilisambaa sakafuni, ikaloanisha nywele ambazo tulikuwa hatujazifagia.

Hospitalini mtoto alitoka bila kupumua. Wa kiume. Alikuwa na kucha.

Niliomba tumzike. Daktari akasema kabla ya wiki ishirini na sita sheria haimhesabu kuwa mtoto aliyezaliwa mfu, kwa hiyo hakuna kibali cha maziko. Angechomwa pamoja na taka za hospitali.

Mdogo wangu aliinuka kitandani. "Juzi walisema ni mkubwa mno, hawezi kutolewa. Leo ni mdogo mno, hawezi kuzikwa. Waulize, Yaya, ana ukubwa gani?"

Niliuliza. Daktari alijibu kwamba hizo ni sheria mbili tofauti.

Polisi waliandika shambulio dhidi ya mama. Kuhusu mtoto hawakuandika kitu, kwani hakuwahi kuvuta pumzi nje ya tumbo. Bwana alifungwa kwa kumpiga mke, basi.

Mdogo wangu alihamia Diepsloot, nje ya mji, kwenye duka la mtu wa kwetu. Siku moja jikoni kwake aliniambia kwamba alikuwa amempa mtoto jina. Alilitaja mara moja, akaendelea kuosha mchele.