Tofali za Nyumba ya Mwalimu

Kosa ni langu, simsingizii mtu. Nimekaa nalo rohoni miaka mingi na sasa nimechoka nalo.

Miaka ya tisini nilikuwa mwenyekiti wa kamati ya shule kijijini kwetu, huko Mpanda. Tulikuwa na mwalimu mmoja aliyejua kweli kufundisha watoto wadogo, mtu wa Sumbawanga. Binti yangu alikuwa darasa la kwanza. Ndani ya miezi michache alianza kusoma maandishi ya mfuko wa chumvi kwa sauti, mama yake anacheka mpaka machozi.

Mwalimu huyo alikuwa akilala na mkewe mjamzito kwenye chumba cha nyuma cha ghala la tumbaku. Kijiji kikakubaliana tanuru la kwanza la tofali liwe la nyumba yake. Wanawake walichota maji, wanaume tukakata kuni, tofali zikaiva vizuri.

Ndipo nikasikia wakubwa wa wilaya watapita. Jamani, kupenda sifa! Nikaamuru tofali zote zijenge darasa jipya kando ya barabara. Mwalimu akanifuata nyumbani, akaongea taratibu.

"Mwenyekiti, mimi ghala nimelizoea. Huyu mama atajifungulia mle kweli?"

"Mwalimu, nyumba yako haionekani barabarani. Vumilia mpaka mwakani."

Aliniaga, akarudi ghalani kwake. Wageni walikuja, wakanisifia, wakanipa mkono. Wiki iliyofuata mwalimu alipanda lori la tumbaku na mkewe na godoro lao, na hakurudi tena.

Aliyeletwa baada yake alikaa mwezi mmoja tu, maana naye hakuwa na pa kulala. Watoto wadogo wakabaki bila mwalimu, wakawa wanafagia lile darasa zuri, wanaimba, wanarudi nyumbani. Binti yangu alifika la saba hivyo hivyo. Hata yale maandishi ya chumvi yalishamtoka.

Alipopata mtoto wake wa kwanza, alinijia na kadi ya kliniki. "Baba, hebu niangalizie, wameandika nirudi lini?"

Tarehe ilikuwa imepita wiki nzima. Alikuwa anaona aibu kuuliza watu. Nilimsomea, akanishukuru. Akanishukuru mimi! Nilitoka nje nikalia.

Nyie mlio kwenye kamati za shule, kabla hamjaanza darasa jingine, nendeni mkaone mwalimu wenu analala wapi. Mimi nilipajua, na kila siku nilipita hapo nikamsalimia.