Wameniteka Ndia Nzima

Mti wenyewe haukuwa mti. Lilikuwa tawi la mvinje, ule mti wa pwani wenye majani kama sindano, lenye kimo cha mtoto wa miaka kumi, lililokatwa pembeni mwa shamba la shangazi yetu huko Chundwa. Nalisema hili mwanzo kwa sababu hadi leo wapo watu hapa Langoni, mjini Lamu, wanaosimulia kwamba mdogo wangu alibeba mti wa plastiki wenye taa, na kwamba ndani yake mlikuwa na vitu. Vitu gani, hawasemi.

Aliyeniomba tawi hilo ni msimamizi wa nyumba ya wageni iliyo vichochoro viwili kutoka kwetu, mama mmoja wa bara. Kila asubuhi huchukua kwangu mikate ya mofa ya wageni wake. Siku hiyo alisimama mlangoni akasema, "Dada, wageni wangu wa Krismasi wanataka mti, na hapa mimi naona minazi tu. Nisaidie."

Mdogo wangu wa mwisho alikuwa kisiwani Pate. Alikwenda kupeleka karatasi zake kwenye zahanati ya Chundwa, ambako walikuwa wamekubali kumpa kazi ya kuwasaidia wauguzi. Kilibaki kitu kimoja tu, cheti cha tabia njema kutoka polisi. Alama za vidole alikwisha kuchukuliwa, tukawa tunangoja. Nilimpigia simu nikamwambia apite kwa shangazi akate tawi la mvinje, aje nalo kwa boti ya asubuhi kutoka Mtangawanda.

"Dada, mti wa Krismasi? Mimi?"

"Mti ni mti. Ufunike leso."

Wazazi wetu walipofariki nilikuwa darasa la saba. Niliacha shule nikashika tanuri la mama, kwa kuwa wadogo zangu walikuwa watatu na huyu wa mwisho alikuwa bado anabebwa mgongoni. Ndiye pekee kati yetu aliyefika chuo. Kwa hiyo cheti kile tulikingoja nyumba nzima. Jirani akibisha hodi, wote tulinyanyua vichwa.

Kesho yake, kabla ya adhuhuri, akaniletea ujumbe wa sauti akiwa botini. Bado ninao.

"Dada, wameniteka. Wameniteka ndia nzima tangu Mtangawanda, wakubwa kwa wadogo. Nahodha ndiye aliyeanza. Leso imepeperuka, mti wameuona wote. Ukinituma tena kitu kama hiki, nitakitupa baharini."

Nyuma yake injini inanguruma na mwanamume mmoja anauliza, "Bi, huyo mwanao wa kijani alipa nauli nzima au nusu?" Kisha kicheko cha boti nzima.

Sisi Waamu, njia twaita ndia, na kucheka twaita kuteka. Mtoto mdogo akianza kuteka, mama yake hufurahi akaita majirani waje waone. Kwa Kiswahili cha shuleni na cha redioni, kuteka ni kazi ya majambazi. Hilo nalijua, sikuacha shule mapema kiasi hicho. Lakini asubuhi ile nilikuwa nimesimama mbele ya tanuri, mikono ina unga, nikacheka mpaka nikajipangusa macho, na nikautuma ujumbe kama ulivyo kwa yule msimamizi ili ajue mti wake uko njiani. Sikuongeza neno. Hilo ndilo kosa langu, na sitaki mtu mwingine alibebe.

Msimamizi aliusikiliza kwa masikio ya kwao. Akautuma kwenye kikundi cha kanisa lake akiwaomba wamwombee binti wa watu. Mtu mmoja huko akaukata, akaacha pale mwanzo tu: wameniteka ndia nzima tangu Mtangawanda. Kufikia adhuhuri ulinirudia mwenyewe kutoka kwa mtu aliye Mombasa, umeshawekwa kwenye ukurasa mmoja wa habari mtandaoni, ukiwa na maandishi chini yake: BOTI YATEKWA LAMU WIKI YA KRISMASI. Waliweka na picha ya boti ambayo haijawahi kutia nanga kwetu.

Nilipofika gatini nilikuta watu wamejaa. Abiria wa kwenda Pate walikuwa wamekataa kupanda, manahodha wanawatukana, akina mama wanalia. Katikati ya zogo hilo boti ikafika, na mdogo wangu akashuka na tawi lake begani.

Mama mmoja akamshika mkono. "Mwanangu, kuna nini huko baharini?"

"Sijui, Bi. Nami nashuka sasa hivi. Kuna nini huku?"

Ungedhani habari ingeishia hapo. Aliyetekwa amesimama mbele yao, mzima, ana mti. Lakini watu wakishakusanyika kwa ajili ya ugomvi hawarudi nyumbani mikono mitupu. Waliposikia kisa chenyewe, wakaanza ugomvi mwingine. Bwana mmoja ambaye hunywa kahawa kwenye baraza ya jirani yangu aliniuliza mbele za watu kwa nini mtoto wa Kiislamu anatwikwa mti wa sikukuu isiyo yake.

"Bwana," nikamwambia, "mwaka jana uliwauzia wageni hao hao samaki wa karamu yao. Ulimwuliza samaki dini yake?"

Watu wakacheka, naye akaondoka amekasirika, na jioni hiyo kwenye baraza tatu za Langoni hapakuwa na mazungumzo mengine. Wengine walisema ni haramu, wengine walisema ni mvinje tu, wengine wakasema serikali ndiyo ilaumiwe. Wageni wawili kati ya watano wa yule msimamizi wakavunja safari. Mti aliuweka ukumbini hata hivyo, akaja kwangu amevimba macho.

"Aki pole, dada. Mimi nilidhani ni ile kuteka ya ukweli."

Sikumjibu vizuri, na bado naona haya.

Asubuhi iliyofuata mdogo wangu aliitwa kituo cha polisi kuandikisha maelezo. Nilikuwa nimekanda unga, nikauacha ukiumuka kwenye beseni nikaenda naye. Afisa aliyekuwa mezani hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyechoka, wa mbali, aliyetaka karatasi yake ijae aende likizo.

"Nani alikuteka?" akamwuliza.

"Abiria."

"Wangapi?"

"Wote, afande."

"Walikuwa na silaha?"

"Meno tu."

Nilimkanyaga mguu chini ya meza. Nikamweleza afisa maana ya neno. Akanisikiliza, akasema anaelewa, kisha akageuza karatasi ili tuione. Ilikuwa imeandikwa kwamba mdogo wangu alitoa habari za uongo zilizozua taharuki, kwamba hakukusudia, na kwamba anaomba radhi.

"Atie sahihi hapa tu, madam. Mambo yanaisha leo."

"Na cheti chake cha tabia njema?"

Afisa akaangalia pembeni. "Hiyo itategemea."

Nikaivuta kalamu kutoka mkononi mwa mdogo wangu, alikuwa amekwisha kuishika. Nilisema hatii sahihi. Hakutoa habari yoyote ya uongo, alichekwa akasema amechekwa. Afisa akatuambia tukae kwenye benchi tufikiri. Tulikaa. Majirani wawili waliokuja na shughuli zao walininong'oneza, mmoja baada ya mwingine, "Tia sahihi, Bi, yaishe." Kila mtu alitaka yaishe. Hakuna hata mmoja aliyeuliza yataishia kwa nani. Mdogo wangu naye akaanza, "Dada, labda..." Nikamwambia anyamaze. Nilikuwa nimechoka kuelezwa lugha yangu na watu waliokutana nayo juzi, na nilimchokea zaidi yule mjinga aliyeutuma ujumbe, yaani mimi.

Nikaomba nahodha aitwe, maana alikuwepo. Alikuja baada ya adhuhuri, hasira zimempanda, kwa kuwa boti yake ilikuwa imelala gatini tangu jana.

Afisa akamwuliza alichokiona.

"Mimi ndiye niliyeanza," nahodha akasema.

"Kuanza nini?"

"Kumteka. Nilimteka mimi, kisha wakamteka wote. Ungekuwepo nawe ungemteka, afande."

Afisa akaweka kalamu chini polepole. Askari kijana wa Faza, huko huko Pate, aliyesimama mlangoni aliinamisha kichwa, mabega yakamtikisika.

"Na wewe unacheka nini?" afisa akamwuliza.

"Nateka, afande."

Hapo ndipo yule afisa alipoelewa, nadhani si kwa kichwa tu. Akafuta uso kwa kitambaa. Lakini akasema faili imekwisha kufunguliwa, wakubwa wameuliza, na lazima iandikwe kwamba kuna mtu ameonywa. Faili haiwezi kufungwa bila jina.

"Basi andika langu," nikasema. "Yeye alinitumia mimi dada yake, ambaye najua alichosema. Aliyemtumia mtu asiyejua neno hilo ni mimi."

"Dada, hapana," mdogo wangu akasema.

"Wewe utawashika wagonjwa. Mimi nakanda unga. Unga hauombi cheti."

Afisa aliandika. Nilimfanya anisomee kila mstari. Alipofika kwenye "habari za uongo" nikamsimamisha. Tulibishana juu ya maneno hayo mpaka adhana ya alasiri. Mwishowe akayakata kwa mstari, akaandika kwamba nilituma ujumbe wa kweli kwa mtu asiyefahamu Kiamu, na kwamba nimeonywa nisirudie. Akatikisa kichwa akasema hajawahi kumwonya mtu kwa jambo kama hilo. Nikamwambia nami sijawahi kuonywa kwa sababu ya masikio ya wengine. Nikatia sahihi, kwa mwandiko wangu wa darasa la saba.

Tulipofika nyumbani unga ulikuwa umefurika beseni ukashuka mpaka sakafuni, umechacha, haufai. Siku ya pili ule ukurasa wa habari ukatoa habari mpya: MSICHANA ALIYETEKWA APATIKANA AKIWA SALAMA. Watu wengi wakaandika kumshukuru Mungu. Niliandika chini yake kwamba hakutekwa, alitekwa. Nikasoma nilichoandika, nikakifuta.

Cheti kilitoka baada ya mwaka mpya, kikiwa safi. Mdogo wangu yuko Chundwa sasa, na wagonjwa wa Mtangawanda wakimwona huulizana kama si yeye yule wa boti. Jina langu limo kwenye kitabu cha polisi. Mwaka huu yule msimamizi amesimama tena mlangoni kwangu kuulizia mvinje. Nimemwambia nitampa, lakini aende Chundwa akaukate mwenyewe, na ujumbe wa sauti asimtumie mtu.