Baba Alirudi Kutoka Kalunga

Nilipokuwa mtoto wa umri wa kutumwa dukani lakini si sokoni, baba yangu alikwenda Kalunga akarudi, na mama yake mzazi akakataa kwamba ni yeye. Watu wa Kolwezi, mji wetu wa migodi kusini mwa Kongo, nikiwaambia hivyo hugawanyika papo hapo. Mchokwe huniuliza kama alileta samaki. Mluba huniuliza tulimzika nani. Neno ni hilo hilo, lakini kwa wa kwanza ni bahari na kwa wa pili ni kwa wafu, na sisi tulikuwa Waluba tuliofanya safari na Mchokwe.

Tuliishi mtaa wa Kapata, katika mojawapo ya zile nyumba za kampuni ya migodi zilizopangwa kwa mistari. Baba alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma. Mshahara ulipokatika, wenzake wengi walikwenda kuchimba madini Mutoshi pamoja na vijana. Yeye hakutaka, alisema ataingia shimoni siku ambayo hatakuwa na habari nalo. Rafiki yake Tata Muhongo, Mchokwe mwenye lori lililokuwa likitembea kwa maombi, ndiye aliyemletea habari za pwani ya Angola. Kule, alisema, miezi ya baridi ndiyo miezi ya samaki. Nchi ina joto, lakini bahari inapoa, na samaki wanasogea karibu kabisa na mchanga. Mtu ananunua wabichi, anawatia chumvi mwenyewe, anawakausha, anarudi na magunia. Reli ilikuwa imekufa, kwa hiyo wangekwenda kwa lori, kupitia Mutshatsha, mpaka barabara iishie majini.

Nyanya yetu tulimwita Kambo. Alikuwa ametoka kaskazini ya Katanga kuja kuishi na mwanawe, na Kiluba chake kilikuwa kile cha zamani ambacho hata Baba alikisikia nusu nusu. Asubuhi ya safari Tata Muhongo aliegemea mlango wa lori, akamwamkia kwa heshima, akamwambia asiwe na wasiwasi, wanaenda Kalunga na watarudi. Kambo aliweka chini kikombe chake cha chai.

"Mama, kwa Bachokwe ile ni mayi tu," Baba alimwambia. "Mayi mingi, ya chumvi."

"Na bafu ya kule banakunywaka nini?" Kambo akamwuliza, akimaanisha wafu.

Baba alicheka, akapanda. Kambo hakucheka. Lori lilipokata kona alituambia, mimi na kaka yangu Fidèle, kwamba mtu akienda kule ni basi, na kile kinachorudi ni kitu kingine kilichovaa nguo zake. Mama alimsikia, akaendelea kufagia uwanja. Mama alikuwa wa kabila la Wasanga, wa palepale Kolwezi, na mambo ya Kiluba aliyaacha yapite juu ya kichwa chake. Nadhani huko ndiko alikojifunza kunyamaza, na alijifunza kupita kiasi.

Baridi ya Kolwezi mwezi wa sita si mchezo. Asubuhi tulikaa tumezunguka mbabula, mikono juu ya makaa, na Kambo alitufundisha namna ya kumtambua mtu aliyerudi kutoka kwa wafu. Kule kwao ni kweupe na baridi, alisema, na watu huonekana migongo tu, bila kivuli. Anayerudi anacheka kama zamani. Anakumbuka majina yenu. Lakini chumvi inamshinda, kwa sababu chumvi ni ya watu wenye damu. Nilimsikiliza kwa utamu ule ule wa kusikiliza hadithi, maana Baba alikuwa mbali na hadithi haikuwa na mwenyewe.

Alirudi mwisho wa mwezi wa saba, mchana, na magunia yake ya samaki. Alikuwa amekonda. Midomo ilikuwa imepasuka, ngozi ya usoni inabanduka, na katika mishono ya koti lake kulikuwa na ukungu mweupe wa chumvi. Fidèle alimrukia. Mimi nilisimama. Kambo alitoka mlangoni, akamtazama miguu kwanza, kisha akapanda taratibu mpaka usoni. Alimpa mkono kama unavyompa mgeni wa parokia.

Siku zile za kwanza Baba alitaka kusimulia tu, na masimulizi yake ndiyo yaliyommaliza. Alituambia kwamba kule, miezi ya baridi, ukungu unashuka juu ya pwani tangu alfajiri na kukaa hapo hadi jua lichome. Watu wanatembea ndani yake bila kivuli. Unasikia sauti ya mtu kabla hujamwona, na akipita unaona mgongo tu. Wavuvi hawaingii ovyo. Mzee wao anatia mkono majini kwanza, na maji yakiuma vidole anasema samaki wamekuja. Bahari ikiwa na rangi ya maziwa wanakaa. Upepo wa kusini ukianza mchana wanavuta mitumbwi juu, hata kama ndege wa baharini wanaanguka majini kwa wingi na kila mtu anajua ndege hao wanakula nini. Na huo ukungu haumruhusu samaki kukauka, kwa hiyo unamtia chumvi mara mbili, unamgeuza jua linapotokea, unamfunika tena. Alisema alilala juu ya chumvi, alikula chumvi, na jasho lake lenyewe lilikuwa likimchoma macho.

Sisi watoto tulikuwa tumeacha midomo wazi. Kambo alikuwa akichambua sombe, majani ya muhogo, pembeni.

"Kule batu habana kivuli," alisema, bila kumwambia mtu yeyote.

"Mpaka saa sita, Mama. Jua likitoka kinarudi."

"Nimesikia."

Ningependa kusema kwamba nilikuwa mtoto mwerevu nikacheka moyoni. Niliogopa. Kila alichokisifu Baba kilikuwa kimeshatajwa mbele ya mbabula: weupe, ubaridi, watu wanaoonekana migongo. Kesho yake jua lilipokuwa upande nilimfuata hadi kisimani kuangalia kama ana kivuli. Alikuwa nacho, lakini sikutulia. Nilijiambia labda ni cha kuazima.

Kisha likaja jambo la chumvi. Mama alipika wale samaki kwa nyanya na vitunguu, harufu ikajaa uwanja mzima, na Baba akasogeza sahani. Alisema amewachoka. Hilo tungelielewa. Lakini siku iliyofuata alikula bukari, ugali wetu, na sombe zilizopikwa kwenye sufuria ndogo ya peke yake, na Kambo, ambaye hakuna sufuria iliyopita machoni pake bila kuulizwa, alichovya kidole humo Mama alipogeuka. Haikuwa na chumvi hata punje. Aliniita nyuma ya nyumba akanionjesha na mimi, ili awe na shahidi. Siku nyingine akatia chumvi kwa siri katika mboga ya Baba. Baba aliweka tonge mdomoni, akasimama, akatoka nje kutema.

Kambo hakupiga kelele. Alivaa kitenge chake cha kanisani, akaenda kuwatafuta watu wa kwao waliokuwa wakisafiri kuelekea kaskazini, akatuma ujumbe kwa baba zangu wadogo: kaka yenu amekufa Kalunga, njooni mchukue watoto. Ndivyo ilivyo kwetu. Mume akifa, watoto ni wa ukoo wake, mjane anarudishwa kwao. Mimi na Fidèle tungepelekwa kijiji tusichokijua, na Mama angebaki Kolwezi kama mtu ambaye hajawahi kuzaa. Kambo alituambia hayo kwa upole, akitupaka mafuta. Aliamini anatuokoa.

Kapata ina kuta nyembamba. Majirani wakaanza kutusalimia kutoka barabarani bila kuingia. Samaki hawakununuliwa. Mwanamke mmoja aliyechukua samaki wawili asubuhi aliwarudisha jioni, akisema mume wake ameota vibaya. Magunia yalikaa chumbani kwetu sisi watoto, na nililala nikiyapa mgongo. Baba aliona kila kitu. Alikuwa mtu wa utani, lakini utani ulimwisha. Usiku nilimsikia akizungumza na Mama kwa sauti ya chini, na mara zote yeye ndiye aliyekuwa akikataa jambo.

Jumapili moja baada ya misa, tukiwa tumekaa uwanjani, Kambo alitoka jikoni na sahani. Alikuwa amepika samaki mwenyewe, bila kumloweka kuondoa chumvi, kama asivyofanya mtu yeyote mwenye akili. Alikuwa analia. Hilo ndilo ninalolikumbuka kuliko yote, kwamba mwanamke yule mkali alikuwa analia wazi mbele ya majirani.

"Mi nilikuzaa," alimwambia. "Kama uko mutoto yangu, kula. Kama hauko yeye, uniambie wapi ulimuacha."

Mama alisimama. Alifungua kinywa, na Baba akamtazama mara moja tu, naye Mama akakaa tena.

"Lete, Mama," Baba alisema.

Alikula. Alikula polepole, akitoa mifupa, akichovya bukari katika mchuzi, na macho yake hayakumwacha mama yake. Alimaliza yule samaki. Kambo alipiga magoti, akamshika miguu, akaanza kumwita kwa majina ya utotoni ambayo hatukuwahi kuyasikia. Majirani walipiga vigelegele. Mimi nilimrukia Baba shingoni, nikakaa hapo mpaka akaomba niteremke apumue. Kabla ya jioni watu walikuwa wakigonga mlango kutaka samaki, na baba zangu wadogo walipofika walikuta sherehe badala ya msiba, wakala, wakarudi zao.

Tangu siku ile Kambo alimpikia yeye mwenyewe. Hakumwachia Mama sufuria ya Baba tena. Alitia chumvi kwa mkono mzito wa furaha, akikaa mbele yake kumwangalia anavyokula, na Baba alikula, mchana na jioni, akimsifu. Alirudi kazi zake za kuchomelea. Alizoea kukaa chini ghafla katikati ya kazi, mkono juu ya paji la uso, akisema ni moshi.

Baridi iliyofuata alianguka mbele ya nyumba, akitengeneza baiskeli ya jirani. Mdomo ulikuwa umekwenda upande. Hospitalini hakusema neno tena, na hakuona jua la pili.

Kwenye kilio, baba zangu wadogo waliuliza swali ambalo huulizwa mtu anapokufa kijana: nani? Waliuliza wakiwa wamemgeuzia uso Mama. Nilikuwa nimekaa kwenye mkeka karibu naye. Kambo ndiye aliyejibu. Alisema wasitafute mtu wa hapa. Alisema yeye alijua tangu siku ile ya lori, kwamba Kalunga ilikuwa imeshamshika, na chumvi ilimrudisha mwaka mmoja tu. Wakamsikiliza, kwa kuwa alikuwa mama wa marehemu na aliyasema kabla, mbele ya watu, na yametimia. Mama hakuguswa. Tulibaki naye, kwa sababu Kambo aliyekuwa ametaka kutuchukua sasa alisema watoto wa marehemu wakae alipo yeye, na yeye alikaa Kapata mpaka kifo chake.

Nilikuwa tayari na watoto wangu Mama aliponieleza. Njiani kurudi kutoka pwani, Baba alitokwa damu puani bila kukoma, na nesi mmoja katika zahanati alimpima akamwambia ana tansiyo, yaani presha, iliyopanda vibaya, na chumvi itamwua. Baba alimwambia Mama siku ile ile aliyorudi, akamkataza kusema. Nilimkasirikia Mama, nikamwuliza ilikuwaje wakakaa na dawa ya neno moja wakashindwa kulitoa. Mama alinitazama kama mtu anayemtazama mtoto.

"Angesema eko mugonjwa, Kambo angeuliza nani alimuloga," alisema. "Na mu ile nyumba mugeni alikuwa mi."

Sikuwa nimeliona hilo. Kwa Kambo kifo cha baharini hakikuwa na mtu wa kushtakiwa, lakini ugonjwa una mwenyewe siku zote. Baba alijua mama yake angemtafuta huyo mwenyewe na angemkuta wapi. Akipima hivi na vile, alichagua shaka ikae juu yake, na shaka ilipomtaka ale, akala. Sijui kama aliamini kweli kwamba angekufa. Mama anasema aliamini. Nilipomwuliza kama hamchukii Kambo, alisema Kambo alimpikia mwanawe, basi.

Mimi sijafika huko. Nina hasira na Kambo kwa mkono wake mzito, na Mama kwa kukaa chini, na zaidi na Baba, ambaye nilimtaka hai hata kama angekuwa mzimu. Hasira hiyo huja nikiwa kwa Mama Jumapili, akinipakulia chakula na kunigombeza kwamba nimekonda, na wanangu wakimpanda mgongoni. Nilisoma Kapata na wasichana wengine waliofiwa na baba zao. Wengi walichukuliwa na ukoo, wakatenganishwa na mama zao, wiki ile ile ya mazishi, na hadi leo mmoja wao akinikuta sokoni huniuliza kwanza habari za mama yangu, kisha zangu.