Mfungwa wa Mzee Evaristi

Kijiji kizima cha Kitanga hakukuwa na mtu aliyewajua nyuki kuliko Mzee Evaristi, wala hakuna aliyelisema hilo mara nyingi kuliko yeye mwenyewe. Mwaka 1995 alipokohoa miezi miwili mfululizo, akapimwa makohozi na kuambiwa ana kifua kikuu, alimuuliza nesi Vestina wa zahanati swali moja tu.

"Dawa yake siku ngapi?"

"Miezi minane, baba."

"Minane! Mwanangu, ng'ombe anazaa kwa tisa!"

Vestina akamweleza kwa utaratibu. "Mwilini mwako kuna chembe walinzi. Zikikuta kijidudu, zinakimeza na kukisaga. Lakini hiki kikimezwa hakisagiki. Kinakaa humohumo ndani ya mlinzi, kinakula na kuzaana."

"Mlinzi gani huyo anayemlaza mwizi tumboni?"

"Ndiyo maana wanakuja walinzi wengine. Wapo wanaowatia nguvu waliomeza, na kwa pamoja wanakizungushia ukuta. Humo ndani hakifi upesi, baba. Kinalala kikingoja walinzi wachoke. Dawa inakifuata polepole."

Mzee aliitikia kwa heshima, kama mtu anayepewa salamu za ndugu wa mbali.

Kwa miezi miwili alikwenda kila asubuhi kumeza vidonge mbele ya nesi. Kikohozi kikaisha, na suruali iliyokuwa ikifungwa kwa kamba ikarudishiwa mkanda. Hapo shida ikaanza. Jumamosi, Mzee Mpawenimana wa Kagerankanda angekuja kumposea mwanawe binti wa Evaristi, Divine. Wanzuki, ile pombe ya asali, ilikwisha kuchachuka mtungini. Kwa desturi, mwenye nyumba huonja kwanza mbele ya wageni, waone kuwa haina sumu. Asipoonja, hawagusi, na posa hurudi ilikotoka. Naye Vestina alikuwa amemkataza pombe mpaka dozi iishe, kwa ajili ya ini.

"Mimi nimepona," Evaristi alimtangazia mkewe siku ya Jumatatu. "Vijidudu vilivyobaki nitavitoa mwenyewe. Nyuki wa mzingani hutolewa kwa nini?"

"Kwa moshi."

"Basi!"

Akaacha vidonge. Jumatano akawasha kinyesi kikavu cha ng'ombe ndani ya chungu, akakiinamia, akajifunika blanketi gubigubi. Mama Divine alirudi kutoka mtoni akakuta blanketi linafuka moshi, na chini yake miguu ya mumewe. Akalimwagia ndoo nzima ya maji.

"Unaniua, mama wee!"

"Nakuzima!"

Alhamisi, akinuka kama samaki wa kubanikwa, mzee alipanda mti kurina asali ya wageni. Alipofungua mzinga, aliona donge la gundi ya nyuki kwenye ufa, na nyuki wawili wamesimama kando yake. Alijua ni nini. Mbawakawa, mdudu mdogo mweusi, akiingia mzingani, mwiba haupenyi gamba lake. Basi nyuki humsukumia pembeni, humjengea jela ya gundi na kumwekea zamu. Evaristi alikuwa ameona jela hizo mara mia. Safari hii akaibandua kwa kisu.

Mbawakawa akatikisa miguu, akatoka mbio kuelekea kwenye masega.

Mzee alibaki juu ya tawi, mdomo wazi. Maisha yake yote alikuwa akipuliza moshi mizingani, na hakuna mbawakawa hata mmoja aliyetoka jela kwa moshi. Waliokimbia walikuwa nyuki. Yaani moshi hufukuza walinzi, mwizi akabaki! Nyuki mmoja akamuuma sikio, naye mzee akashuka bila asali.

"Mwanangu, nimemwona," alihema mlangoni pa zahanati.

"Umemwona nani?"

"Mfungwa! Nipe vidonge kabla hajatoka."

Vestina alimgombeza kwa siku tatu alizokosa, akampa vidonge, akamchungulia mdomoni kama ng'ombe wa mnadani. Kuhusu wanzuki, hakulegeza neno.

Jumamosi ikafika, Vestina naye akiwa miongoni mwa waalikwa. Mtungi ukawekwa katikati. Mzee Mpawenimana akautazama, kisha akamtazama mwenyeji wake.

"Mwenye nyumba, mbona huonji?"

Nyuma ya pazia, Divine aliacha kupumua. Evaristi akaeleza habari za walinzi, ukuta na mbawakawa.

"Ndugu yangu," alisema Mpawenimana, akishika fimbo yake ainuke, "nimesikia visingizio vingi vya kukwepa pombe, lakini mbawakawa kifuani!"

"Keti, mzee mwenzangu! Aliyenikataza yumo humu. Na aonje yeye."

Watu wote wakamgeukia Vestina. Tangu azaliwe alikuwa hajaonja pombe, na kesho yake alikuwa aongoze kwaya. Alitazama pazia, akafumba macho, akapiga funda moja. Uso wake ukajikunja kama aliyemeza vidonge vyote vya mzee kwa mkupuo.

"Yuko hai?" aliuliza Mpawenimana.

"Niko hai," alijibu Vestina, akikohoa.

Wazee wakacheka, mirija ikazamishwa mtungini, na posa ikapokelewa. Evaristi akashika kikombe chake cha uji.

"Ila harusi," alisema Mpawenimana akifuta midomo, "tutaipanga dozi ikiisha. Siwezi kunywa tena kwa idhini ya nesi."

Evaristi hakukosa tena kidonge hata kimoja. Siku ya harusi alionja mtungi wa kwanza mbele ya wageni wote, na akaonja kwa muda mrefu sana.