Jina la Kambale

Kitambaa chenye unyevu kikiguswa na pasi ya makaa hutoa mvuke wenye harufu ya moshi. Mpaka leo nikiisikia harufu hiyo ninasimama, hata kama nina haraka. Ni harufu ya baba mudogo Kambale, aliyekuwa akishona nguo kwenye baraza ya nyumba yetu kule Mususa, mjini Butembo.

Nilikuwa na miaka tisa na nilijiona najua kila kitu. Koko, mama wa baba yangu, alikuwa amenifundisha koo za watu wetu, Baswagha, Bashu, Bahira, Batangi, mpaka ningeweza kuzitaja bila kupumua. Zaidi ya hayo alinifundisha kusoma majina. Kwetu Wanande, jina linaweza kusema umezaliwa wa ngapi. Mimi ni Masika, binti wa kwanza. Baba ni Paluku, mtoto wa kwanza wa kiume. Anayemfuata huitwa Kambale. Wageni walinijaribu, wakacheka, wakanipa karanga, na mimi nikazidi kujidai.

Siku moja baba mudogo alikuwa akinipima robe, gauni jeupe la kuvaa kwenye komunyo ya binamu yangu. Nikamuuliza kama alipigwa sana alipokuwa mtoto. Akacheka, pini zikiwa mdomoni.

"Mama alinihurumia. Mimi ndiye nilifungua tumbo yake."

Maneno hayo nikayaweka. Yalinikera, kwa sababu anayefungua tumbo ni mzaliwa wa kwanza, na jina lake lilikuwa la wa pili.

Komunyo ilikuwa mji wa Beni, kwa shangazi. Ninyi mliokuwa huko miaka ile mnajua: watu waliuawa wakienda mashambani, na yeyote aliyetoka mbali alitazamwa mara mbili, isije akawa mmoja wa wauaji. Lakini siku ile uani kulikuwa na joto, samaki, sombe ya majani ya muhogo, na watoto walionawa mpaka masikio. Tulipokuwa tukila, baba mkwe wa shangazi, mzee mnene mwenye sauti kubwa, aliniita mbele ya wageni.

"Masika, inasemekana unajua majina ya batu bote. Tuambie batoto ya koko yako."

"Paluku, ni papa. Kambale, ni baba mudogo." Hapo nikaona nafasi ya kuwachekesha. "Lakini yeye anadanganya jina! Aliniambia ndiye alifungua tumbo ya mama yake. Basi yeye ndiye angeitwa Paluku!"

Nikangoja kicheko. Hakikuja. Mzee aliweka kijiko chini.

"Kambale, mama yako ni nani?"

Baba mudogo alimgeukia koko. "Mama," alisema taratibu, "baambie."

Koko alikuwa akitoa miiba kwenye samaki. Akaendelea kuitoa. Aliyejibu ni baba yangu, bila kuinua macho.

"Ule hapana ndugu yangu. Ni mupangaji tu. Alitoka kule chini ya Kanyabayonga." Kwetu maneno hayo yalimaanisha si Mnande, ni mtu wa kushukiwa.

Vijana wawili wakasimama, wakadai karte yake ya utambulisho. Jina lililoandikwa humo lilikuwa jingine, na halikuwa la kwetu. Hawakumpiga. Mzee alimwambia tu aondoke Beni saa ile ile, na Butembo asikanyage tena kama anapenda maisha yake.

Baba mudogo alinawa mikono. Aliponipita aliona uzi ukining'inia kwenye mkono wa robe yangu. Akainama, akaukata kwa meno, akalainisha kitambaa kwa kidole. Kisha akapanda pikipiki. Habari zake hatukuzipata tena.

Kwa miaka mingi nilingoja kugombezwa. Hakuna aliyenigusa wala kunisema, na mimi nikaamini wananihurumia kwa kuwa nilikuwa mtoto.

Koko alipokuwa mgonjwa, karibu na kufa, ndipo alinieleza. Mtoto wake wa pili, Kambale mwenyewe, alikufa kwa surua kabla hajaanza masomo. Miaka ikapita, akaja fundi kijana aliyekimbia vita, amebeba mashini ya kushona kichwani. Koko akampa lile jina mbele ya majirani wote, ili apate kukaa kwa amani. Baba alikuwepo. Hata shangazi alikuwepo.

"Siku ile kule Beni alinitazama, Masika," koko akasema. "Nilikuwa na neno moja tu la kusema: ni wangu. Niliogopa."

Aligeukia ukuta. Nilimfunika blanketi.

Ulimi wangu ulifanya ulichofanya, na sijausamehe. Lakini sasa najua kwa nini nyumba nzima ilininyamazia. Wote walijua neno moja la koko lingefuta ujinga wangu palepale, wageni wakacheka na kuendelea kula. Ambaye angenigombeza, angelazimika kwanza kusema yeye mwenyewe siku ile alikuwa akitazama wapi.