Mwanga Mwekundu wa Lusangi

Juzi huko Lusangi nilikuwa kwenye mstari wa kupokea vyandarua. Kila mtu alitoa kadi yake, na mgawaji akaielekezea mashine ndogo ya mkononi inayosoma kadi kwa mwanga mwekundu.

Mbele yangu alikuwa mama mjamzito. Zamu yake ilipofika, alifunika tumbo kwa mikono miwili akageuka pembeni.

"Ile mwangaza itaingia kwa mutoto," alisema kwa sauti ndogo. "Wawili nilishazika."

"Usiogope, mama," mgawaji akamjibu. "Mashine hii tuliipunguza nguvu. Mwangaza wake iko kidogo sana."

Mama akamtazama usoni. "Kama haina ubaya, juu ya nini muliipunguza?"

Mgawaji aliigeuza mashine mkononi. "Ni juu ya batri ifike mpaka jioni," alisema. "Na juu ya kulinda macho, kidogo."

Akamwomba aache kadi mezani na asimame mlangoni. Mashine ikalia, mama akapewa chandarua chake.

Mstari mzima ulikuwa umesikia. Nami, ninayewaandikia kila wiki katika safu hii kwamba tusiogope vitu vipya, niliweka kadi yangu mezani nikarudi nyuma hatua tatu.