Hina ya Bibi Harusi Imegeuka Moshi

Jamani, niko Pangani nje ya nyumba ya maharusi na machozi yananitoka.

Juzi kule Ngamiani nilipiga picha hina ya bibi harusi. Somo wake, yaani kungwi anayemfunda, Bi Mwanahamisi, akaona tone la hina kwenye lenzi yangu, akalifuta kwa kanga.

Nikamshukuru!

Kumbe katika kufuta kazungusha pete ya lenzi, ile ya kulainisha picha.

Lenzi yenyewe ni ya vitu vidogo vya karibu, na pete hiyo ikizungushwa kila mstari unaota ukungu. Kwenye kioo cha kamera sikuona. Leo nafungua kompyuta, maua yote ya mikononi ni kama yamechorwa kwa moshi. Hakuna hata picha moja ya kumpa mtu.

Nikasema hina bado ipo, nikapige upya. Mbio mpaka huku.

Mlangoni kakaa nani? Bi Mwanahamisi! Maharusi wako fungate, siku saba haingii mtu.

"Shikamoo bibi. Nataka mikono tu, dakika tano."

"Marahaba. Mwanangu, hiyo hina bwana harusi mwenyewe hajamaliza kuitazama."

Akafunga mlango.

Fungate ikiisha, hina itakuwa imeshapauka.

Mama wa bibi harusi anapiga simu sasa hivi.

Nipokee?